Kuku wa Kurui na Kanuni ya Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja kufanya usafi. Nikamwambia hapana, mimi ni mwandikishaji mpya. Akaviangalia viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipiga rangi mara mbili kabla ya kutoka nyumbani Misugusugu, akasema, "Basi kaa hapo kwenye benchi, mwandikishaji. Kazi haikimbii." Nilikaa zaidi ya saa nzima nikirudia moyoni namna ya kumwamkia bosi, na alipofika nikamwambia "Marahaba" badala ya "Shikamoo". Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mimi sikucheka. Kosa lile nililiwaza kwa wiki mbili.

Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu, wenye vyeti ukutani na picha za kuagwa. Mimi nina miaka ishirini na tisa, sina cheti hata kimoja cha kompyuta, na hakuna aliyeniaga. Lakini kazi niliifanya miaka sita, ikaisha. Vijana wanaojifunza wenyewe kuandika programu, kama nilivyojifunza mimi, huniuliza siku ile ya ukumbini ilikuwaje. Wamesikia nusu. Wengine wamesikia kwamba niliondolewa kwa sababu nilishindwa kuzungumza mbele za watu. Si kweli. Nilizungumza mpaka mwisho, na ndiyo sababu niliondolewa.

Mradi wetu ulihusu chanjo ya kuku wa kienyeji. Makao yake yalikuwa Kibaha, na kituo kidogo kilikuwa Kisarawe. Jina lake nitaliacha. Adui yetu alikuwa mdondo, ugonjwa ambao ukiingia bandani unaweza kulimaliza kwa siku chache. Chanjo yake ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi michache. Watu wa ofisini hudhani kazi ni tone. Kazi ni kumpata kuku. Kuku wa kienyeji akishafunguliwa asubuhi, huyo ni wa porini mpaka jioni. Kwa hiyo mchanjaji lazima afike kabla banda halijafunguliwa, na mwenye kulifungua awe amejulishwa kwamba leo asifungue. Tena chupa ya chanjo ikishafunguliwa inatakiwa iishe siku ileile. Mchanjaji hatoki kubahatisha. Anatoka na orodha ya nyumba, amejua idadi ya kuku wa kila nyumba.

Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa mkate wangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kibaha, chini ya Msimamizi wa Takwimu, yule niliyemwitikia marahaba. Alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu nyekundu. Alinituma kata ya Janga kwanza, kisha kata ya Kurui, nikipita nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi kuandikisha wafugaji. Kabla ya kuondoka alinipa dodoso lililoandikwa Kiingereza akasema, "Binti, hili watu hawatalielewa. Liandike upya kwa Kiswahili cha nyumbani. Na fomu yenye kisanduku kitupu usiniletee." Nilifanya kazi ile siku nne. Kila swali nilijisomea kwa sauti. Swali la tatu lilikuwa fahari yangu kwa ufupi wake: "Kuku hawa ni wa nani?" Baada yake kilifuata kisanduku cha namba ya simu ya mtu huyo, na kata anayoishi. Msimamizi alilipitia dodoso lote bila kugusa kalamu nyekundu. Kwake hiyo ilikuwa sherehe. Fomu ikapitishwa na wakubwa na wafadhili, ikachapwa.

Kituo cha pili kilikuwa Kisarawe, chini ya Daktari wa Mifugo. Huyu alikuwa kinyume cha Msimamizi: mwongeaji, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau hasira. Mfumo uliotengeneza orodha za wachanjaji na kuwatumia wafugaji ujumbe mfupi ulikuwa umeandikwa na kampuni ya Dar, na kila uamuzi ulikuwa umefichwa ndani ya programu yenyewe. Daktari akitaka ujumbe utumwe siku nne kabla ya chanjo badala ya siku tatu, aliandika barua pepe, akasubiri, akapiga simu, akasubiri tena.

"Nakunda," aliniambia siku moja, "hivi mimi daktari mzima naomba ruhusa ya kubadilisha tatu kuwa nne?"

"Dokta, nadhani naweza kujaribu."

"Umesomea wapi?"

"Kwenye simu."

"Haya, jaribu. Ukiharibu, umeharibu kitu ambacho tayari hakifanyi kazi."

Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa masomo ya bure ya mtandaoni na kompyuta mpakato ya mtumba ambayo kibodi yake haikuwa na herufi K. Ilinichukua miezi mitano kuandika kitu ambacho baadaye nilijua kinaitwa injini ya kanuni. Nieleze kwa wasiojua. Injini ya kanuni ni programu inayotenganisha kazi ya kuamua na maneno ya uamuzi. Maneno yanakaa kwenye faili lake peke yake, kanuni moja moja, kila moja ina upande wa "kama" na upande wa "basi". Injini inachukua taarifa za kila nyumba na kuzipitisha kwenye kanuni zote. Upande wa "kama" ukitimia, inatekeleza "basi". Kanuni mbili zikitimia pamoja na zikagombana, injini inaangalia kipaumbele, yaani namba inayosema ipi isikilizwe kwanza. Uzuri wake ni kwamba mwenye ujuzi wa kuku anaweza kuzisoma kanuni na kuzibadili bila kumwomba mwenye ujuzi wa programu.

Kanuni zangu niliziandika kwa Kiswahili. Kwa mfano: *Kama mwenye kuku anaishi kata fulani, na chanjo ya kata hiyo imebaki siku nne, basi mtumie ujumbe, na iweke nyumba yake kwenye orodha.* Daktari aliisoma akapiga meza. "Hii naielewa! Hii hata mchanjaji anaielewa!"

Sasa naingia sehemu ambayo kwa muda mrefu sikuweza kuisimulia.

Kurui, kama sehemu nyingi za kwetu, si kila kuku aliye uani ni wa mwenye ua. Mtu aliyehamia mjini humwachia ndugu au shemeji yake mitetea mitatu amtunzie. Vifaranga wakitotolewa wanagawana. Ukimuuliza mtunzaji kuku hawa ni wa nani, hawezi kusema ni wangu, maana huo ni wizi wa mdomo. Atakwambia ukweli: "Wa shemeji yangu, yuko Misugusugu, na namba yake hii hapa." Mimi niliyeandikisha niliusifu uaminifu wao moyoni, nikaandika namba, nikaandika Misugusugu, nikafurahi kwamba hakuna kisanduku kitupu.

Injini ilifanya kama ilivyoambiwa. Siku ya chanjo ya Kurui ilipokaribia, nyumba hizo hazikuingia kwenye orodha, kwa kuwa kwenye taarifa zangu kuku wale walikuwa Misugusugu. Ilipofika zamu ya Misugusugu, shemeji mtu alipata ujumbe wa kumtaka siku ya chanjo asifungue banda, naye hana banda, akadhani ni matapeli wa simu.

Asubuhi ile ya Kurui nilipigiwa simu na mchanjaji wao, Bi Sikudhani, mama wa makamo aliyekuwa akichanja tangu kabla sijamaliza shule.

"Shikamoo, Bi Siku."

"Marahaba, mwanangu. Nakunda, mbona kwa kina Asha hakumo kwenye orodha? Na kwa mzee Kibwana? Kuku wapo, nawasikia wanawika."

Nikafungua kishikwambi. Orodha ilikuwa safi, imepangwa vizuri, haina kosa hata moja la maandishi. "Fuata orodha, mama. Mfumo umesema."

"Mfumo umesema?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mimi nani."

Akafuata orodha. Wiki chache baadaye mdondo ukaingia. Nyumba kumi na moja tulizoziruka zilibaki na mabanda matupu, na ugonjwa ukasambaa kwa kuku wengine ambao hawakuwahi kukamatwa. Nilikwenda Kurui na Daktari. Hakuna aliyenigombeza. Mzee Kibwana aliniletea kiti. Afadhali angenitukana.

Kosa nililiona siku ileile, nikabadilisha kanuni: ujumbe uende kwa mtunzaji, na nyumba ihesabiwe pale kuku walipo. Tukasahihisha kwa mkono taarifa za Kurui, nyumba baada ya nyumba. Lakini fomu haikubadilishwa. Fomu ilikuwa imeshapitishwa, na kuibadili ilitaka maelezo ya kwa nini. Taarifa iliyotoka makao makuu ilisema ugonjwa uliingia kabla ya chanjo kukamilika. Nilipomuuliza Daktari alitazama chini. "Hiyo wameiandika walio juu yangu, Nakunda."

Kituo cha tatu kilikuwa Kibaha tena, chini ya Meneja wa Mradi. Meneja alikuwa na sauti ya upole sana, na nilichelewa kujua kwamba upole ule ulikuwa mlango uliofungwa. Siku moja aliniita ofisini.

"Kuna mkutano wa mifumo ya kilimo na mifugo hapa Kibaha, ukumbi wa chuo. Wanakuja waandika programu kutoka Dar, na wenzetu wa wilaya tatu. Wakiupenda mfumo, wanauchukua kama ulivyo: injini, fomu, kila kitu. Utazungumza wewe. Dakika arobaini."

"Mimi, Meneja?"

"Kwani ameuandika nani?"

Sikuwa nimewahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya kumi. Nikasema asante. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Kurui usiiguse."

"Na fomu? Wakiichukua na swali lile la tatu, yatawatokea yaleyale."

"Tutairekebisha baadaye, taratibu. Mfumo umehakikiwa. Na wewe mkataba wako unaisha mwezi huu, nataka niuombee mwingine. Tusaidiane."

Hapo ndipo nilipowekwa. Wilaya tatu zingeondoka na swali langu mfukoni. Nikinyamaza, nabaki na kazi pekee niliyowahi kuipenda. Nikisema, naipoteza, na pia nasimama mbele ya wasomi kutangaza kwamba mjinga mkuu wa hadithi ni mimi.

Nilichofanya ni kile anachofanya mwoga anayependa ukamilifu: nilitengeneza slaidi. Sabini na moja kwa dakika arobaini. Rangi ya slaidi ya kwanza niliibadilisha zaidi ya mara ishirini. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati mpaka mama akagonga mlango.

"Nakunda, unamhubiria nani humo ndani?"

"Najiandaa, mama."

"Siku ya tatu hii. Hata mchungaji wetu, na unamjua alivyo mrefu wa maneno, huwa anafika Amina."

Siku yenyewe niliingia ukumbini na slaidi zangu zote. Meneja alikuwa safu ya mbele pamoja na wageni wa wilaya. Katikati walikaa waandika programu, kila mmoja na kompyuta yake magotini. Nyuma kabisa Daktari alikuwa amewaleta wachanjaji sita, kwa sababu Meneja alitaka ukumbi ujae. Bi Sikudhani alikuwa miongoni mwao, amejitanda khanga mpya, mkoba wake mapajani.

Dakika kumi na tano za mwanzo zilikuwa mbaya kama nilivyoziota. Nilisoma slaidi neno kwa neno. Kwa kuwa sikusoma chuo, nilijaza maneno makubwa ya kigeni kila mahali, kama mtu anayevaa koti la baba yake. Sauti ilipanda juu mpaka nikajisikia mtoto. Niliona watu wanafungua barua pepe zao. Kijana mmoja mwenye kofia nyeupe hakunisubiri nimalize.

"Dada, samahani. Hizi si ni kama-basi za kawaida tu? Si ungezipiga mlemle ndani ya programu, mambo yakaisha? Hii injini ya nini?"

Watu wakacheka kidogo. Kwenye kioo cha kabati swali hilo halikuwepo. Ili nipate muda nikaruka slaidi zote arobaini zilizobaki kabla ya sehemu ya mfano, nikafungua faili la kanuni lenyewe, likatokea ukutani, maandishi makubwa, Kiswahili kitupu.

Kanuni ya kumi na nne ilikuwa katikati: *Kama mchanjaji akifika nyumba na kukuta kuku wanaumwa, basi asichanje nyumba hiyo, aendelee na nyumba inayofuata.*

Nikaanza kuisoma. Mkono ukanyooka nyuma ya ukumbi.

"Samahani, mwanangu," akasema Bi Sikudhani. "Hiyo ya kumi na nne si sawa."

Ukumbi mzima ukageuka. Kanuni ile nilikuwa nimeihakiki na watu wanne, mmoja wao daktari.

"Si sawa vipi, Bi Siku?"

"Mimi nikishaingia kwenye banda lenye mdondo, nikakanyaga, nikashika, halafu nikaenda nyumba inayofuata kama unavyosema hapo, si nimewapelekea mwenyewe? Kwa miguu yangu? Hapo utakuwa umenifanya mimi ndiyo ugonjwa."

Watu wakacheka, lakini mara hii hawakunicheka mimi. Daktari alijipiga paji la uso. Meneja aligeuka akanionyesha kwa jicho kwamba niendelee na slaidi, nisijibu.

Hapa ndugu zangu mnaoogopa kama mimi nisikilizeni. Maisha yangu yote niliamini kwamba siku kosa langu litakapoonekana ukutani, mbele za watu, nitakufa. Lilionekana. Sikufa. Badala yake nikasikia hasira, na haikuwa ya Bi Sikudhani. Nilijikasirikia kwa miaka yote niliyoipoteza nikilinda kitu ambacho hakihitaji kulindwa.

Nikaweka kifaa cha kubadilishia slaidi mezani. "Bi Siku, ungeiandikaje?"

"Mimi? Niandike nini tena?"

"Sema tu, mimi naandika."

Akasimama. "Jana yake uwaulize kama kuku wazima. Wenye kuumwa watoe kwenye mzunguko wa kesho. Dokta apigiwe simu. Na kama nimefika nikakuta wanaumwa, niishie hapo, nirudi nyumbani, nikaoge, nibadilishe nguo."

Niliandika mbele yao, nikakosea herufi mbili nikaziacha. Nikaiwasha injini. Ukutani likatokea onyo jekundu: kanuni ya kumi na nne inapingana na kanuni ya sita. Ya sita ilisema kila nyumba iliyo kwenye orodha lazima ifikiwe siku hiyo. Mtu mmoja akasema "Aisee!" Nikaeleza, sasa kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba injini haijaharibika, inatuambia tuna amri mbili zinazogombana, na sisi ndio wa kuamua. Nikamuuliza Bi Sikudhani ipi iwe juu.

"Ugonjwa kwanza. Orodha baadaye."

Nikaipandisha namba ya kipaumbele ya kumi na nne. Onyo likaondoka. Nikamgeukia kijana mwenye kofia nyeupe. "Kaka, uliuliza injini ya nini. Ungezipiga ndani ya programu, huyu mama angeliona kosa hili?"

Akavua kofia. "Asingeliona," akasema. "Hata mimi nisingeliona." Na akaifunga kompyuta yake.

Ningeweza kuishia pale. Watu walikuwa wanapiga makofi, Meneja alikuwa anatabasamu, na mkataba ulikuwa mkononi. Ndipo Afisa Mifugo wa wilaya mojawapo, baba mwembamba mwenye miwani, alipoinua fomu yetu iliyochapwa akauliza, "Binti, kanuni zenu zimewahi kukosea huko vijijini? Namaanisha kukosea kweli."

Meneja alikuwa ameshasimama. "Mfumo umehakikiwa, Afisa. Tuna taarifa—"

"Nilimuuliza binti, Meneja."

Nilimtazama Bi Sikudhani. Hakunisaidia. Alikaa na mkoba wake mapajani akinisubiri, kama alivyosubiri jibu langu kwenye simu.

"Zimewahi," nikasema. "Kurui, nyumba kumi na moja. Kanuni haikukosea peke yake, swali lililoilisha ndilo lililokosea, nalo nililiandika mimi. Liko kwenye fomu uliyoishika. Namba tatu." Nikawaeleza yote: mitetea ya kutunziwa, namba za Misugusugu, na ujumbe uliodhaniwa wa matapeli. "Mchanjaji alinipigia asubuhi ileile akaniambia nyumba zimerukwa. Nikamjibu mfumo umesema."

"Alinijibu hivyo," akasema Bi Sikudhani kutoka nyuma. "Na mimi nikafuata. Kwa hiyo tulikuwa wawili."

Afisa akaichomoa kalamu. "Sasa tuulize nini badala yake?"

Hata katika hali ile nilitafuta sentensi kamili. "Labda, ni nani mtunzaji mkuu anayehusika na uangalizi wa kila siku wa—"

"Ee, Nakunda!" Bi Sikudhani akanikata. "Uliza nani anafungua banda asubuhi."

Afisa akakata swali langu kwa mstari mmoja, akaandika lile. Wenzake wawili nao wakainamia fomu zao wakaandika.

Meneja alinisubiri koridoni. Upole haukuwepo tena. "Umetuvua nguo mbele ya wageni."

"Kuku wa Kurui walishatuvua, Meneja. Mimi nimesema tu."

"Utajuta."

Mkataba haukuongezwa. Siku ya mwisho nilirudisha kishikwambi na funguo, nikasaini daftari la vifaa, nikatoka. Daktari wa Mifugo alinipigia kutoka Kisarawe. "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufelisha kwa zile slaidi. Sabini na moja, Nakunda! Hayo mengine, sina la kukufundisha."

Sasa nipo nyumbani Misugusugu, nimestaafu kazi ile nikiwa na meno yangu yote. Naandika programu ndogo ndogo za watu, na Jumamosi nawafundisha vijana wanne wasio na vyeti sebuleni kwa mama. Wananiuliza siri ya mazungumzo ya kwanza. Nawaambia waende na slaidi chache na kitu kinachofanya kazi kweli, wakifungue mbele ya watu, na wakubali kiharibike mbele ya watu. Nawaambia wahakikishe ndani ya ukumbi kuna mtu anayeijua kazi kuliko wao, akae mahali anaposoma vizuri. Wasiazime koti la maneno ya mtu mwingine. Na akitokea bosi wa kuwaambia sehemu fulani wasiiguse, wajue hiyo ndiyo mada yao.

Bado naogopa. Barua pepe ya mistari miwili naisoma mara tisa kabla ya kuituma. Wanaosema kwamba ukishasema ukweli mara moja woga unaisha, hawajawahi kuwa waoga. Woga nimeubeba, ila sasa haunipangii niseme nini.

Mwezi uliopita Meneja alinipigia. Sauti ilikuwa ya upole tena. Wilaya tatu zimeuchukua mfumo na zinamtaka mtu anayeijua injini. Nafasi ipo, na ni nzuri kuliko ile ya mwanzo. Kuna jambo dogo tu la kuweka sawa: taarifa mpya ya Kurui inaandikwa, inasema lilikuwa kosa la mwandikishaji.

"Ni kweli," nikamwambia. "Mwandikishaji ni mimi. Andikeni na jina."

"Vizuri. Basi nitakutumia usaini."

"Na simu ya Bi Sikudhani imo? Kwamba mchanjaji alituonya asubuhi ileile, kabla kuku hawajafa, na ofisi ikamwambia afuate orodha?"

"Hiyo tumeona haina haja. Inaleta maswali."

"Iandikeni, nitasaini. Msipoiandika, sirudi."

"Nakunda, kazi kama hii haiji mara mbili."

"Najua, Meneja."

Akasema atawauliza wenzake kisha anipigie. Hajapiga mpaka leo. Namba yangu ni ileile.